Mpita Njia na Haki ya Mwenyeji



Kuna muda ambao kila mmoja wetu anaamini ni wake. Muda wa darasani ni wa mwalimu, wa nyumbani ni wa wazazi, wa swala ni wa Mwenyezi Mungu, ingawa kwa kweli muda wote ni wake. Lakini muda wa kusubiri, iwe ni basi stendi, foleni ya benki au ndege ya kuunganisha, huo tunauona hauna mwenyewe. Wavivu miongoni mwetu husema wanaupoteza. Wenye bidii husema wanautumia vizuri. Likizo iliyopita nilipata muda wa namna hiyo, karibu saa kumi nzima, mjini Kigali. Niliutumia vizuri sana. Na tangu nirudi nimekuwa na swali moja ambalo halinitoki: mtu anayepita katika mji wa watu ana haki ya kuchukua nini?

Nilikuwa nakwenda Accra kwenye semina ya wanafunzi. Tiketi yangu ilikuwa nafuu kuliko nyingine zote, na sababu ya unafuu wake ndiyo hiyo: unafika Kigali asubuhi, unaondoka jioni. Sikuona tatizo. Tumelelewa na hadithi ile ya neema mbili, afya na faragha, na jinsi watu wengi wanavyoziachia zikapita. Nikajiambia mimi sitakuwa miongoni mwao. Watanzania hatuhitaji kulipia viza ya Rwanda, kwa hiyo ningegongewa muhuri na kutoka. Usiku wa kuamkia safari nikaandika ratiba kwenye simu: makumbusho ya Gisozi, saa moja na nusu, Adhuhuri na chakula Nyamirambo, soko la Kimironko, dakika arobaini, kiwanja cha ndege, saa kumi na nusu jioni. Nikamsomea mwenzangu wa chumbani, nikitarajia anisifu.

Hakunisifu. Yeye anasoma sheria, na watu wa sheria mnawajua. Aliniuliza, "Gisozi si ndiko walikozikwa watu wa mauaji ya kimbari? Unakwenda kupitishia muda makaburini?" Akanikumbusha kisa cha Hijr, nyumba za watu wa Thamud, ambazo Mtume (s.a.w.) alizipita akiwa njiani kwenda Tabuk. Aliwakataza masahaba wasiingie mahali pale isipokuwa wakiwa wanalia, naye mwenyewe akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo. Nikamjibu kwamba mfano wake haukai. Watu wa Hijr walikuwa madhalimu walioangamizwa. Wa Gisozi ni waliodhulumiwa. Isitoshe Qur'ani yenyewe inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame yaliyowapata waliotutangulia. Alinyamaza, nikajua nimeshinda. Ilinichukua siku nzima ya Kigali kujua kwamba hoja yangu ilikuwa sahihi na bado nilikuwa nimeshindwa.

Tulitua saa mbili kasoro robo kwa saa za pale. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mtu anayetoka Dar es Salaam hupata saa moja ya bure, na hata hiyo niliifurahia kama mtu aliyeokota hela. Kiwanja kiko Kanombe, kilomita kama kumi hivi mashariki ya katikati ya mji. Nikabadilisha fedha, nikapata faranga zangu, nikapanda pikipiki. Dereva alinipa kofia ngumu kabla hata sijakaa sawasawa, jambo ambalo kwa mtu wa Dar ni kama kukaribishwa kwa maji ya rozi.

Tulipokuwa tukitoka Kanombe nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu shule lakini sikuwahi kulihisi. Tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa hapo hapo ikijiandaa kutua, akiwemo ndani yake pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Mabaki yake yaliangukia katika uwanja wa makazi ya rais, jirani na kiwanja cha ndege. Na ilikuwa inatoka wapi? Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda ulioitishwa na Rais Ali Hassan Mwinyi. Usiku ule ule mauaji yakaanza, yakaendelea kwa takriban siku mia moja. Umoja wa Mataifa ulikadiria waliouawa kuwa zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Mimi nilikuwa nimekuja kwa njia ile ile ya angani, nikiwa nimelala, na shingo inaniuma.

Makumbusho ya Gisozi yako juu ya kilima, yakitazamana na mji. Yalifunguliwa mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji, na katika bustani zake wamezikwa zaidi ya watu 250,000 chini ya mabamba mapana ya zege. Hakuna kiingilio. Ndani kuna historia yenyewe, kuanzia ukoloni wa Wabelgiji na vitambulisho vilivyoandikwa kabila, mpaka redio na magazeti ya chuki, mpaka mapanga. Juu kuna chumba cha watoto. Ukutani kuna picha kubwa za watoto, na chini ya kila moja maelezo machache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, namna alivyouawa.

Nitakiri nililolifanya mle ndani. Nikiwa mbele ya picha ya mtoto mmoja, niliangalia saa.

Sikuangalia kwa sababu moyo wangu ni mgumu. Niliangalia kwa sababu nilikuwa na ratiba, na mtu mwenye ratiba huangalia saa. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini, na nilikuwa nimechelewa kwa dakika kumi. Kisha nikatoka bustanini nikapiga picha, nikaona jua limekaa vibaya, nikaifuta, nikapiga nyingine. Ya pili ilitoka nzuri.

Nikiwa nimekaa kwenye ukuta mfupi nje, kisa cha Hijr kilinirudia, na safari hii hakikuja kwa sauti ya mwenzangu. Katazo lile, ukilitazama vizuri, halikuwa la mahali. Masahaba hawakuambiwa wasiingie kabisa. Waliambiwa wasiingie bila kulia. Yaani kilichotazamwa ni hali ya anayeingia. Nami nilikuwa nimebishana kuhusu waliolala chini, kama walikuwa madhalimu au waliodhulumiwa, wakati swali lilikuwa linanihusu mimi niliyesimama juu. Pale pale nikakumbuka kisa kingine, cha jeneza la Myahudi lililopita mbele ya Mtume (s.a.w.) akasimama. Alipoambiwa kuwa ni Myahudi, akauliza kama huyo naye si nafsi. Wengi waliozikwa Gisozi walikuwa Wakristo. Nilisimama. Sikujua nifanye nini zaidi, nikasimama kwa muda, bila kuangalia saa, na hilo peke yake lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani.

Lakini mtu hatubu ratiba yake kwa dakika tano. Nilipanda pikipiki nyingine kwenda Nyamirambo nikiwa bado na hamu ya kitu kimoja, na hiki ndicho hasa kilichonileta mpaka kwenye kuandika makala hii.

Wengi wetu katika jumuiya tumesikia kwenye darsa kwamba mwaka 1994 Waislamu wa Rwanda hawakuua, waliokoa. Nimelisema hilo mwenyewe kwenye mdahalo wa dini mbalimbali hapa chuoni, na nilipigiwa takbir. Lina ukweli mkubwa. Biryogo, mtaa wa Nyamirambo, ndiko Wabelgiji walikowakusanya Waislamu na kuwatenga, mahali palipojulikana kama kambi ya Waswahili. Uislamu uliingia Rwanda na wafanyabiashara, askari na makarani wa pwani enzi za Wajerumani, kwa hiyo huko Mwislamu aliitwa tu "Mswahili", na neno hilo lilikuwa na dharau ndani yake, la mtu mjanja asiyeaminika. (Sisi tunaocheka na kusema fulani "ana uswahili", tujitazame.) Watu hao waliodharauliwa, Wahutu na Watutsi wakiwa wameoana na kuswali safu moja, wengi wao walificha watu majumbani na misikitini pale majirani wa kwingine walipokuwa wakitoa majina.

Huo ni upande mmoja. Upande mwingine nilikuwa nimeusoma Gisozi saa moja kabla, ukutani. Gazeti la Kangura, lililochapisha Desemba 1990 zile amri kumi za kuwatenga Watutsi, mhariri wake aliitwa Hassan Ngeze. Mwislamu. Alihukumiwa mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha, hapa kwetu, kifungo cha maisha, na katika rufaa ya mwaka 2007 kikawa miaka 35. Kwenye mdahalo wetu sikumtaja. Qur'ani inatutaka tusimame na uadilifu tukiwa mashahidi hata dhidi ya nafsi zetu, nami nilikuwa shahidi wa nusu, ile nusu inayopigiwa takbir.

Badala ya kuniaibisha, jambo hili lilinitia hamu zaidi. Nilitaka nipate mtu wa Biryogo aliyekuwepo, anisimulie kwa mdomo wake, nirekodi, nirudi na ushahidi usiopingika. Ningeuandika humu humu jaridani. Nilishaanza kufikiria kichwa cha habari.

Adhuhuri ilinikuta kwenye msikiti mmoja wa Biryogo. Baada ya kumalizana na ibada nilitoka mtaani, ambako njia zimefungwa magari zisipite, barabara imepakwa rangi, na meza za chai zimepangwa katikati. Mzee mmoja tuliyekuwa naye safu moja aliniita mezani kwake kabla sijachagua pa kukaa.

"Shikamoo mzee."

Alicheka. "Wewe umetoka Tanzania. Huku hatuna hiyo. Marahaba, mwanangu, kaa."

Kiswahili chake kilikuwa na Bukavu na Kigoma ndani yake. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini Biryogo hawakusubiri sheria. Aliagiza chai ya maziwa yenye tangawizi na sambusa, akakataa noti yangu. Tuliongea habari za safari. Kisha nikaona muda unakwenda, nikaingia moja kwa moja.

"Mzee, tunasikia kwamba mwaka 1994 watu wa hapa waliwaficha wenzao. Wewe ulikuwepo?"

Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Nilikuwepo." Halafu akaniuliza, "Ndege yako inaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

Alitazama saa ya simu yake. "Basi, mwanangu, habari hiyo haitoshi hapo. Ukinianzishia, utaniacha nayo peke yangu kwenye hiki kiti, na wewe uko juu hewani. Kunywa chai."

Hakusema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayekwambia duka hilo hufungwa saa hizi. Kisha akaniuliza bei ya mchele Dar es Salaam, akanieleza kuhusu mjukuu wake aliyekuwa akisubiri matokeo ya mtihani, na kuhusu goti lake. Mimi nilikuwa nimeshika simu mkononi, tayari kurekodi. Niliirudisha mfukoni taratibu, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Ndugu msomaji, nimelipima neno la mzee yule kwa muda mrefu. Mwanzoni nilijitetea. Nilisema: kama kila mpita njia akikataliwa, ukweli utajulikanaje? Waliojenga Gisozi hawakujenga ili watu wapite mbali. Wanataka twende, na ni afadhali aende mtu mwenye saa moja na nusu kuliko asiende kabisa. Hoja hii bado naiona nzito. Sisemi mtu akae kiwanjani akilalia begi lake kwa kuogopa kukosea. Lakini ukuta wa makumbusho na mzee wa mezani ni vitu viwili tofauti. Ukuta umeandikwa mara moja, na kila anayekuja unamwambia yale yale bila kupungukiwa. Mzee hawezi kusimulia bila kurudi kule. Mimi ningechukua simulizi, yeye angebaki na usiku wake. Katika biashara ya namna hiyo, mmoja hutoka na faida na mwingine hulipa, na anayelipa ndiye aliyekwisha lipa mwaka 1994.

Nikarudi kwenye lile nililolifanya msikitini dakika chache kabla ya chai. Sisi wasafiri tumepewa ruhusa. Swala ya rakaa nne tunaiswali mbili, na Adhuhuri na Alasiri tunaweza kuzikusanya kwa wakati mmoja. Ni sadaka kutoka kwa Mwenyezi Mungu, na mwenye kuipokea halaumiwi. Lakini wanachuoni wengi, na sisi watu wa madhehebu ya Shafi tumo, wanasema msafiri akiswali nyuma ya imamu mkaazi, hukamilisha rakaa nne kama wenyeji. Ndivyo nilivyofanya: Adhuhuri nne nyuma ya imamu, kisha peke yangu Alasiri mbili. Nilifanya bila kufikiri, kwa mazoea ya chuo cha madrasa. Mezani ndipo nilipoona maana yake. Ruhusa ya kufupisha ni ya safari yangu. Nikishaingia katika safu ya watu wa mahali, nikawa nyuma yao katika jambo lao, siwezi kutoa salamu katikati na kuwaacha wamesimama eti kwa sababu mimi nina ndege. Ama niswali kivyangu rakaa zangu mbili, ama niingie kwao nikamilishe zao. Nilichokitaka kwa mzee ni kuingia katika jambo lake zito kuliko yote kisha nitoe salamu rakaa ya pili.

Sijui kama ni kiasi halali. Mashekhe watanisahihisha, nami sidai kutoa fatwa kwa chai ya tangawizi. Lakini chai ile, salamu, swala, habari za goti na za mjukuu, hivi vyote vilitosha katika muda wangu, na mzee alinipa bila kuhesabu. Alijua kinachotosha na kisichotosha kuliko mimi niliyeandika ratiba.

Kabla sijaondoka aliniuliza swali moja, nadhani kwa mazungumzo tu. Kwamba pale chuoni, mlango unaotazamana na wangu anakaa nani? Nikamwambia ni mwanafunzi mmoja wa uhandisi, Mkristo kutoka Mbeya nafikiri. "Anaitwa nani?" Sikumbuki kama nilimjibu kitu cha maana. Nilikuwa nimepishana naye kwenye korido tangu mwaka wa pili. Tunapeana "mambo", "poa", kila mtu anakimbilia darasani. Miaka mitatu ya chuo tunaiona kama sebule ya kusubiri maisha yaanze: chumba ni cha kupanga, jirani ni wa muhula, mtaa si wetu. Na watu wa Biryogo walioweza kufungua milango usiku ule walikuwa wakijuana majina tangu zamani, wameshalishana futari na kuzikana. Sidhani mlango wa namna hiyo hufunguliwa na mpita njia, hata awe na imani kiasi gani. Nasema sidhani, kwa sababu wapo waliookoa watu wasiowajua kabisa. Lakini mimi najipima kwa korido yangu.

Kimironko sikwenda. Nilikaa pale mezani mpaka saa tisa na nusu, mzee akaniitia pikipiki na kumwambia dereva asinizidishie bei. Alinifungia sambusa nne kwenye karatasi. Mifuko ya plastiki Rwanda ilipigwa marufuku tangu 2008, na mafuta yalipenya mpaka kwenye pasipoti yangu. Doa lake bado lipo, ukurasa wa muhuri wa Kanombe.

Ile picha ya bustani ya Gisozi nimeifuta. Simulizi ya Biryogo, kama unavyoona, sina, na wahariri walioniahidi kurasa mbili wamenivumilia. Jirani wa korido anaitwa Daudi, kwao ni Tukuyu, na anapika maharage vizuri kuliko mtu yeyote wa ghorofa yetu. Mwenzangu wa chumbani amesoma makala hii kabla yenu, akaniambia sehemu ya swala ina utata, tukabishana mpaka Ishaa.

Nimeanza kuweka nauli ya basi. Njia inapita Rusumo, mpaka ule ambao mwishoni mwa Aprili 1994 umati mkubwa wa watu ulivuka kuingia Ngara, wakimbizi na baadhi ya wauaji wao wakiwa wamechanganyika. Nataka nikae Kigali wiki mbili wakati wa likizo ndefu, insha'Allah, bila tiketi ya kurudi yenye saa. Mzee sikuchukua namba yake ya simu. Nitakwenda Adhuhuri kwenye msikiti ule ule, halafu nitauliza mezani.